Mkuki kwa nguruwe: wachezaji, watazamaji na wimbo wa taifa

Juma hili nataka kuanza mazungumzo yetu kwa kukiri kosa langu mwenyewe, maana si haki mtu aketi mbele ya kipaza sauti kila juma akiwasema wenzake, halafu yeye asijiseme hata siku moja.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kutazama fainali ya kombe la kata, katika kiwanja cha shule moja nje kidogo ya mji wa Singida. Wenyeji wa huku mnavijua viwanja vyetu: jukwaa hakuna, watu huketi juu ya majabali, na upepo ndio unaoamua mpira wa juu uangukie wapi. Siku hiyo mgeni rasmi alikuwepo, turubai lilikuwepo, jenereta lilikuwepo. Timu zikapanga mstari, wimbo wa taifa ukaanza kusikika kwenye spika, nasi sote tukasimama wima. Mara wachezaji wa timu moja, wote 11, wakaketi chini. Hawakusema neno. Nahodha wao alikuwa ameshika jezi tupu, namba 7, ameitandaza juu ya magoti yake.

Hapo zikazuka kelele ambazo sijawahi kuzisikia katika kiwanja kile, hata siku mwamuzi alipokataa bao halali. Wimbo ukamezwa na zomeazomea. Mmoja alisema, "Wahuni hawa!" Mwingine, "Wafungiwe maisha!" Nami, niliyeshika chaki zaidi ya miaka 30, nikapaaza sauti kuliko wote: "Simameni, watoto msio na adabu!"

Aliyekaa kimya karibu yangu alikuwa mama mmoja muuza karanga. Wimbo ulipokwisha akaniambia taratibu, "Mwalimu, mbona hukuuliza kwanza wana nini?" Nikauliza, nikaelezwa. Winga wao, mwenye jezi ile namba 7, alivunjika mguu katika nusu fainali. Mfadhili wa mashindano alitamka mbele ya watu kwamba matibabu yako juu yake. Wiki tatu zikapita, kijana yuko nyumbani kwao, mguu umefungwa kwa vipande vya mbao. Wenzake walikwenda kwa huyu wakaambiwa njooni kesho, wakaenda kwa yule wakaambiwa mhusika amesafiri. Basi wakakaa wakashauriana: ni wakati gani wakubwa wote watakuwa mahali pamoja, wamesimama, na hakuna hata mmoja anayezungumza? Wakaona wakati huo ni mmoja tu, nao ni dakika ile ya wimbo wa taifa.

Ndugu wasikilizaji, usiku ule sikulala vizuri. Kilichoninyima usingizi ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watoto darasani habari za wanariadha waliogoma mbele ya bendera, nikiwaita mashujaa. Hebu tuzirudie habari hizo leo, tuone jukwaani walikuwa wakisema nini.

Tuanzie Mexico City, tarehe 16 Oktoba 1968. Tommie Smith, Mmarekani mweusi, alikuwa ametoka kushinda mbio za mita 200 kwa sekunde 19.83, rekodi mpya ya dunia. Mwenzake John Carlos alikuwa wa tatu, na kati yao akaingia Mwaustralia mzungu, Peter Norman. Walipopanda jukwaa la washindi, Smith na Carlos walikuwa wamevaa soksi nyeusi bila viatu, ishara ya umaskini wa watu weusi wa nchi yao. Wimbo wa taifa wa Marekani ulipoanza, waliinamisha vichwa, na kila mmoja akainua juu ngumi moja iliyovikwa glavu nyeusi. Norman hakuinua ngumi, lakini kifuani alikuwa amebandika beji ileile waliyovaa wenzake, ya harakati zilizodai haki za binadamu katika Olimpiki.

Watazamaji walifanya nini? Walizomea. Watu waliokuwa wakiishangilia rekodi ya dunia muda mfupi kabla, sasa waliwazomea walewale walioiweka. Viongozi wa Olimpiki wakashinikiza, Smith na Carlos wakaondolewa katika timu na kurudishwa kwao, ambako walipokelewa kwa vitisho, na kazi zikawa ngumu kupatikana.

Sasa tazameni jambo lililotokea siku nne baadaye katika uwanja uleule. Tarehe 20 Oktoba zilikimbiwa mbio za marathoni, akashinda Mamo Wolde wa Ethiopia. Zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshaingia na watazamaji wengi wameshaondoka, mkimbiaji mmoja akaingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji. Alikuwa ni John Stephen Akhwari wa Mbulu, jirani yetu kabisa sisi wa Singida, mtu wa upande wa pili wa mpaka wa Mkalama. Alikuwa ameanguka njiani akaumia, na hakukubali kuacha. Watu wachache waliobaki walisimama wakampigia makofi hadi akavuka mstari, wa mwisho kati ya wote waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Uwanja mmoja, juma moja. Mshindi mwenye rekodi ya dunia akazomewa, wa mwisho akashangiliwa. Sisemi makofi ya Akhwari hayakuwa haki yake. Yalikuwa haki yake, na heshima aliyotuletea haijaisha hadi leo. Ninachosema ni kwamba mtazamaji humpenda sana mchezaji anayebeba maumivu yake kimya. Anayeyatoa maumivu yake hadharani akamwomba mtazamaji ayatazame, huyo humwona mkorofi.

Tena pana jambo ambalo watu wengi hawaliunganishi. Miongoni mwa madai ya akina Smith kabla ya michezo ile lilikuwamo dai la kuzuia Afrika Kusini ya Makaburu na Rhodesia zisishiriki, na dai kwamba Muhammad Ali arudishiwe ubingwa wake aliovuliwa kwa kukataa kwenda vitani Vietnam. Mapema mwaka huohuo wa 1968, nchi za Afrika zilitishia kususia Mexico zote kwa pamoja, kwa kuwa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa imeamua kuirudisha Afrika Kusini. Kamati ikasalimu amri, mwaliko ukafutwa, ndipo wanamichezo wetu wakasafiri. Kwa hiyo hata Akhwari wetu alifika Mexico baada ya mgomo kutishiwa na kufaulu. Akhwari na Smith walikuwa watoto wa madai mamoja.

Miaka minne ikapita, tukafika Munich, mwaka 1972. Katika mita 400 Wamarekani weusi wawili, Vincent Matthews na Wayne Collett, walishika nafasi ya kwanza na ya pili. Wa tatu alikuwa jirani yetu, Julius Sang wa Kenya. Wimbo wa Marekani ulipopigwa, Matthews na Collett hawakuinua ngumi. Walisimama kwa kulegea tu, mikono kiunoni, wakizungumza, kana kwamba wimbo ule hauwahusu. Uwanja ukalipuka kwa kuzomea, na Kamati ya Olimpiki ikawafungia maisha. Adhabu hiyo iliifanya Marekani ikose wakimbiaji wa kutosha kwa mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne. Kenya ikaingia na Asati, Nyamau, Ouko na huyohuyo Sang, ikachukua dhahabu. Sisi Afrika Mashariki tuliifurahia dhahabu ile, na tulikuwa na haki ya kuifurahia. Lakini ni wangapi kati yetu waliouliza Wamarekani wamekwenda wapi siku hiyo?

Mwaka 1976 zamu ilitufikia sisi wenyewe. Wakati huo nilikuwa kijana wa sekondari, nipo likizo nyumbani kwetu Iramba. Filbert Bayi alikuwa ndiye mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500, dakika 3 na sekunde 32.2, aliyoiweka huko Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, akimtangulia John Walker mbele ya watu wa Walker mwenyewe. Dunia nzima ilisubiri wakutane tena Montreal. Nasi tulisubiri. Betri za redio zilianikwa juani zipate nguvu.

Kisha habari zikaja kwamba Tanzania haitashiriki. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, wakati watoto wa shule wa Soweto wanapigwa risasi tangu tarehe 16 Juni. Afrika ilitaka New Zealand iondolewe Montreal, Kamati ya Olimpiki ikakataa kwa hoja kwamba raga si mchezo wa Olimpiki. Nchi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika, zikakaa nje. Walker akashinda dhahabu, Bayi hayupo.

Nakumbuka jioni ile kijijini. Watu walisikitika, lakini sikusikia hata mmoja akimlaumu Mwalimu Nyerere kwa kuchanganya siasa na michezo. Mzee mmoja alisema medali hupatikana tena, mtoto aliyeuawa hapatikani. Tukaitikia wote. Mgomo ule ulikuwa wa nchi nzima, serikali imeuamua, nasi tuliuona kuwa ni fahari.

Miaka minne baadaye, Februari 1980, huyohuyo Muhammad Ali aliletwa Dar es Salaam na serikali ya Rais Carter atuombe tususie Olimpiki ya Moscow, kwa sababu ya jeshi la Urusi kuingia Afghanistan. Mwalimu hakumwona. Waandishi wa habari wakamuuliza Ali, Marekani ilikuwa wapi Afrika ilipogomea Montreal? Ali alikiri kwamba habari hizo hakuwa ameelezwa. Tanzania ikaenda Moscow, Bayi akapata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Hadi Michezo ya Paris ya 2024 hizo ndizo medali pekee za Olimpiki tulizowahi kupata.

Baadhi yenu mtasema, mwalimu, kususia mashindano ni jambo moja, kuudharau wimbo wa taifa ni jambo jingine. Ni hoja nzito, nami siipuuzi. Katika nchi yenye makabila zaidi ya 120, wimbo ule ni moja ya vitu vichache ambavyo Mnyaturu, Mnyiramba, Mmakonde na Mhaya wanasimama kwa ajili yake pamoja. Wapo kati yetu wazazi waliozika vijana wa vita vya Kagera wimbo huo ukipigwa. Mtu wa namna hiyo akimwona kijana ameketi, moyo wake unauma kweli, wala si mjinga.

Lakini tujikumbushe wimbo wenyewe ulikotoka. Muziki wake ni wa Enoch Sontonga, mwalimu wa shule Afrika Kusini, aliyeutunga mwaka 1897. Chama cha ANC kikaufanya wimbo wake mwaka 1925, na kwa miongo mingi ukawa wimbo wa wapinga ubaguzi. Sisi tuliuchukua tulipopata Uhuru mwaka 1961. Kwa hiyo muziki uleule tuliousimamia wima Singida, huko kwao uliwaponza walioimba. Wimbo wetu ni dua, na dua hii kabla ya kuwa ya dola ilikuwa ya wanyonge.

Na kama mnadhani ni wachezaji tu wanaoutumia wimbo kwa madai yao, tazameni uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, tarehe 15 Agosti 1992. Afrika Kusini ilikuwa inarudi katika raga ya kimataifa, ikicheza na New Zealand. ANC ilikubali mechi ichezwe kwa masharti, mojawapo kwamba wimbo wa zamani wa Makaburu usipigwe, na iwepo dakika moja ya ukimya kuwakumbuka waliouawa katika machafuko. Dakika ya ukimya ilipofika, watazamaji wazungu waliijaza kwa kuuimba wimbo uleule uliokatazwa. Hapo waliogoma ni jukwaa, wakawazomea wafu kwa wimbo wa taifa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 24 Juni 1995, katika uwanja huohuo na dhidi ya wageni walewale, nyimbo zote mbili, ule wa zamani na ule wa Sontonga, zilipigwa. Nelson Mandela akaingia amevaa jezi ya timu, na watazamaji, wengi wao wazungu, wakaliimba jina lake. Jukwaa linaweza kujifunza. Huchukua muda, lakini hujifunza.

Marekani nako ni hivyohivyo. Mwaka 2016 Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira ule wa Kimarekani unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, aliketi wakati wa wimbo wa taifa, na baadaye akawa anapiga goti, kupinga watu weusi kuuawa na polisi. Wapo mashabiki waliochoma moto jezi zake, na wapo walioinunua hadi ikaongoza kwa mauzo. Msimu ule ulipokwisha hakupata tena timu katika ligi ile. Na Smith na Carlos? Mwaka 2005 chuo walichosoma, San Jose State, kiliwajengea sanamu, na mwaka 2019 waliingizwa katika orodha ya heshima ya Olimpiki ya nchi yao. Peter Norman, ambaye kwao aliwekwa kando kwa miaka mingi, alifariki mwaka 2006, na waliobeba jeneza lake mbele walikuwa Smith na Carlos. Bunge la Australia lilimwomba radhi mwaka 2012, yeye yuko kaburini.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Ngumi ya Smith tuliipenda kwa sababu wimbo ule haukuwa wetu. Mgomo wa 1976 tuliupenda kwa sababu serikali yetu ndiyo iliyouita. Lakini vijana 11 wa kata yetu walipoketi chini mbele ya wimbo wetu, kwa jambo letu, kwa aibu iliyotuhusu sisi tulioketi kwenye majabali yale, tukawaita wahuni. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Katika nchi hii sheria yenyewe imeshatutangulia. Wanafunzi wa madhehebu ya Mashahidi wa Yehova waliadhibiwa shuleni kwa kutoimba wimbo wa taifa kwa sababu za imani yao. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikawapa ushindi. Unaweza usikubaliane na imani yao, mimi pia si wa imani hiyo. Lakini majaji walifanya jambo ambalo sisi kiwanjani hatukulifanya: waliuliza kwanza, wakasikiliza, ndipo wakaamua.

Hata uwanja mkubwa wa mjini kwetu, uliojulikana zamani kama Namfua, leo unaitwa Liti, jina la mwanamke wa Kinyaturu anayekumbukwa kwa kupambana na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Masimulizi yetu yanasema silaha yake ilikuwa nyuki. Bila shaka Mjerumani alimwona Liti kuwa hana adabu. Sisi tumempa uwanja. Tunawapa majina ya viwanja watu waliokataa kunyamaza zamani, halafu ndani ya viwanja tunawazomea wanaokataa kunyamaza leo.

Sisemi kila anayeketi wakati wa wimbo ana haki. Wapo watakaoketi kwa jeuri, na jeuri ikijulikana iitwe jeuri. Ninachoomba ni kidogo: kabla ya kuzomea, tuulize. Kama jambo ni la uongo, kelele zetu zinaweza kungoja dakika tano. Kama ni la kweli, basi dakika tano hizo huenda zikaokoa mtu.

Mtapenda kujua yule winga yukoje. Jioni ile, baada ya mama muuza karanga kuniuliza swali lake, tulipitisha kofia pale kiwanjani, fedha zikapatikana, na kesho yake kijana akapelekwa hospitali. Lakini mfupa ulikuwa umeshaanza kuunga vibaya. Sasa anauza kuku wa kienyeji karibu na stendi ya mabasi, na anachechemea. Nimekwenda kumwomba radhi, akacheka, akaniambia, "Mwalimu, hayo yamepita." Kwake labda yamepita. Mimi kila wimbo unapopigwa nakumbuka kwamba dua ile inawaombea hata watoto wa nchi hii, nami niliikatiza katikati kuwatukana watoto.

Hadi juma lijalo, ndugu wasikilizaji, kwaherini.